Maneno ya Bibi Niliyoyaruka

Mwanangu Hidaya,

Umekwenda Bungu kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuruhusu kuondoka kabla hujala. Kwa hiyo nina kama saa tatu. Nimeomba ruhusa kazini mchana huu, nimekaa kwenye meza yako ya kusomea, na nimesogeza madaftari yako pembeni bila kuyachanganya.

Mambo ya sweta, ya pasi ya kusafiria, ya dawa na ya namba za simu nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, kwa namba, kama ninavyoandika kila kitu. Imo kwenye mfuko wa nje wa begi. Humu sitayarudia. Barua hii ni ya jambo moja ambalo nimejaribu kulisema kwa mdomo mara nne nikashindwa. Mara ya mwisho ilikuwa jana, ulipokuwa unapiga pasi sare ya shule. Nilikuja nikasimama mlangoni, nikafungua mdomo, nikakuuliza kama umepiga mswaki. Ukaniambia, "Mama, saa kumi hii ya jioni." Ukacheka, na mimi nikacheka, nikarudi jikoni.

Nianze na lenyewe, maana nikianza kuzunguka karatasi zitaisha. Tafsiri niliyokupa ya maneno ya Bibi Somoe si kamili. Kuna mahali niliruka, na niliruka kwa kujua.

Najua moyo wako umeshtuka. Insha iliyokufikisha kwenye mashindano haya unayosafiria imesimama juu ya mahali palepale. Mwaka jana Mwalimu Mkongo alipowaambia kila mwanafunzi atafute historia ambayo haijaandikwa, wenzako walikwenda kwa watu wakubwa wenye picha ukutani, wewe ukasema unamtaka Bibi wa Mbwera, bibi yangu mimi, aliyehamishwa kutoka bondeni akiwa msichana mwenye mtoto mgongoni. Tulikwenda pamoja. Ulimwekea simu mbele yake, na yeye akaiuliza simu hali. Aliongea Kiswahili vizuri kwa muda mrefu, habari za mafuriko, habari za mpunga, habari za kuambiwa wote wapande juu kwenye kijiji kipya. Halafu alipofika kwa dada yake Tatu akageuza lugha. Akaongea Kindengereko mpaka mwisho, polepole, akiniangalia mimi. Wewe ulikuwa unaangalia simu kama bado inarekodi. Hukulelewa na lugha ile, na hilo nalo ni kosa langu. Nilidhani nakurahisishia shule.

Usiku haukuingia kabla hujaniomba nikutafsirie. Nikakuambia: Bi Tatu alikataa kuhama, akajificha kwenye dungu la shambani, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege, watu wa daftari waliokuwa wakihamisha watu wakapata habari, wakamfuata, akahamishwa, na mpunga wake ukaliwa na ndege. Ukauliza, "Nani aliwaambia?" Nikasema, "Haijulikani."

Kutoka kwenye neno hilo ukaandika sentensi ambayo Mwalimu aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, ya sifa: "Hakuna aliyejua nani aliwaonyesha njia ya dungu, pengine ni upepo wa hofu uliokuwa ukivuma bondeni." Kwenye mashindano ya mkoa mama mmoja mwamuzi aliisoma kwa sauti mara mbili. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, mkoba nimeupakata, na nilijua upepo ule una jina.

Jina lake ni Somoe. Bibi ndiye aliyewaonyesha.

Naomba usiikunje barua hapa. Nataka kukueleza jinsi mtu anavyofika kwenye kuruka maneno ya bibi yake mwenyewe, maana haikuanza siku ile.

Nilipoajiriwa nilikuwa na miaka ishirini na mbili na wewe una mitatu. Watu wakituona barabarani walidhani mimi ni dada yako. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika mihtasari ya mikutano vijijini. Katika mkutano mmoja, kijiji sitakitaja, alisimama mzee aliyeitwa Ngwale. Ng'ombe walikuwa wameingia shambani kwake kwa mara ya tatu. Mzee yule hakuongea, aliunguruma. Alisema mwaka huu wakiingia tena watu wasimlaumu, akasema viongozi wana macho ya kuonea karamu tu. Kabla ya kukaa akanigeukia: "Na wewe binti, uandike nilivyosema. Usinipambe."

Nikaandika: "Mjumbe mmoja alishauri suala la mifugo liangaliwe."

Sikulipwa kufanya hivyo wala sikuagizwa. Niliogopa tu. Niliogopa kwa niaba yake, nikajiambia nikiyaandika yale kama yalivyo atapata matatizo. Miezi ikapita, ng'ombe wakaingia tena. Mzee Ngwale akaja ofisini na mjukuu wake, akaomba asomewe alichosema. Nikamsomea mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba nirudie.

"Huyu siyo mimi," akasema.

"Ni wewe, mzee, ila kwa lugha ya ofisi."

"Huyu ni mtu mpole. Mtu mpole nani atamkimbilia? Mimi siku ile sikuwa mpole."

Hakugomba. Aliuliza tu kama karatasi ile imekwenda mbele hivyo hivyo, nikamwambia ndiyo. Akanishukuru kwa kumsomea. Mwaka uliofuata hakulima. Nilimwona Kibiti sokoni anauza mifuko ya plastiki, na niligeuka kwenye mafungu ya nyanya ili asinione. Nilipaswa kwenda kumsalimia. Mpaka leo sijui aliko.

Ungedhani nilijifunza. Lakini baada ya hapo ikaja ile miaka ya hofu hapa kwetu, ya watu kuuawa na wengine kupotea. Wewe ulikuwa mdogo, nadhani unakumbuka tu kwamba nilikuwa nakuingiza ndani mapema na kukukataza kumjibu mtu usiyemjua. Tulijifunza kutotaja majina. Mtu akiuliza, nani kasema, unajibu, wamesema. Nani kaja, wamekuja. Hofu ikapita, watu wakarudi kwenye shughuli zao, lakini mkono wangu haukurudi. Niliendelea kuandika "wamesema." Wakubwa wangu wakaipenda kazi yangu, wakasema Zainabu ana uandishi mtulivu. Nilipandishwa nikapelekwa masjala, nikakaa na mafaili, na nikaona nimepata mahali pangu.

Kwa hiyo Bibi alipotaja jina lake mwenyewe mbele ya simu yako, mimi nilikuwa na mazoezi ya miaka mingi.

Kwa kitambo nikatulia. Ulishinda wilaya, ukashinda mkoa, ukaja kuchaguliwa kwenda huko kwenye mashindano ya wanafunzi wa nchi nyingine, na mimi nikawa nasema moyoni, limeshapita. Mpaka wiki mbili zilizopita, nilipokuwa nachagua mchele uani na wewe unafanya mazoezi ya maswali ya haraka, mfuniko wa sufuria ndio kengele yako. Nilikuuliza ya Misri, ukagonga kabla sijamaliza. Nikakuuliza ya vita vya Wajerumani hapa delta, ukagonga tena, ukanisahihisha na swali lenyewe. Kisha ukasema, "Sasa nifanyie utetezi wa insha. Jifanye mwamuzi."

"Mwamuzi anakaaje?"

"Anakunja uso kama mtu aliyekosewa chenji."

Nikakunja uso. Nikauliza, "Unajuaje haya uliyoyaandika?"

"Hilo jepesi, nina rekodi," ukasema. "Ninaloliogopa ni jingine. Wakiniuliza nani aliwaonyesha dungu?"

"Utasema haijulikani."

"Ndivyo nilivyoandika. Lakini Mama, Bibi hajui kweli? Yule ni dada yake, tumbo moja."

Nikainuka kuangalia moto. Ulibaki umeshika mfuniko. Hukuuliza tena, na hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba uliniamini ukaendelea na swali lingine.

Juma lile lile nilikuaga nakwenda semina Ikwiriri. Haikuwa semina. Nilikwenda Mbwera kwa Bibi, na kwa uongo huo nakuomba radhi kando ya huu mkubwa. Pale Nyamisati maji yalikuwa yametoka, boti ikasubiri mpaka yajae, nami nikapata muda mwingi wa kutaka kurudi.

Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko ofisini hawali?"

"Wanakula, Bibi."

"Basi wanakula wao wewe unaandika."

Nilikaa, nikapewa chai, nikaulizwa habari zako, nikasema unasafiri. Akafurahi akapiga kigelegele kidogo, cha mtu mzima asiye na pumzi. Nikasema, "Bibi, yale uliyomwambia Hidaya siku ile."

"Ambayo watu walimpigia makofi. Uliniambia."

"Walimpigia. Lakini hawakusikia yote."

"Kile kidude hakikushika?"

"Kilishika. Mimi ndiye sikusema. Lile la nani aliwaonyesha Bi Tatu alipo. Sikulitafsiri."

Mkono wake ukasimama kwenye ukili. Kuku akapanda barazani na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hiyo," akasema, "miezi yote hii nimekaa hapa najiambia, Somoe, umeshasema, watu wamesikia na hawakukutemea mate, wamepiga makofi. Kumbe sijasikiwa?"

"Nilikuwa nakustiri, Bibi."

"Nilikuambia niko uchi?"

Akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Tatu amekufa hajaitikia salamu yangu. Mtoto kaja na kidude chake, anakusanya mambo ya zamani, nikaona hapa ndipo. Nikalisema kwa lugha ya kwetu kwa sababu Tatu hakuwa na lugha nyingine ya kugombana na mimi. Wewe ukakaa katikati, ukalimeza."

"Niliogopa wangekuona mbaya."

"Waone. Uoga wako utumie mwenyewe, usinigawie."

Baadaye nilimpikia, tukala, akanitania kuwa wali wangu ni wa kiofisi, hauna nazi. Nililala kwake. Asubuhi nilimwomba ruhusa ya kukuambia. Akasema nisiombe ruhusa ya kurudisha kitu cha mtu. Nikamuuliza, je, Hidaya aseme huko mbele ya watu? Akafikiri. "Akisema, aseme ni Somoe, na aseme sababu pamoja. Asiseme nusu. Asipotaka kusema, ni mdomo wake, ana safari yake. Ila yeye mwenyewe ajue."

Nimeisikiliza rekodi yako mara sita tangu nirudi, kwenye simu yako ukiwa shuleni, na nimeiandika upya neno kwa neno. Hiki hapa ndicho alichosema Bibi baada ya kugeuza lugha. Sijakipamba.

"Walikuja watu watatu na daftari. Wakaniuliza, mwenye nyumba hii, Tatu, yuko wapi? Nikanyamaza. Mmoja akasema, viwanja kule juu vinagawiwa leo, atakayekosekana atapewa popote. Nikawaza, Tatu atapewa popote na mimi nitakuwa upande mwingine, na sisi hatujawahi kulala mbali. Nani atanishikia mtoto? Nikawaambia yuko dunguni, shamba la ng'ambo ya kijito. Nikawapeleka mpaka kwenye mtumbwi, nikawaonyesha kwa kidole. Mpunga wake ulikuwa umebakiza wiki mbili avune. Alishuka kwenye dungu, hakuwaangalia wao, aliniangalia mimi. Tukapewa viwanja vilivyoshikana, kama nilivyotaka. Kila asubuhi nilitoka nikasema, Tatu, umeamkaje? Naye anafagia. Mpaka amekufa, anafagia. Mimi ndiye niliyewaonyesha. Andika."

Neno la mwisho, "Andika," alikuambia wewe. Nililiruka na hilo.

Sasa nikuambie ninavyoijua hali yako, ili usidhani nakutupia mzigo bila kuuangalia. Insha imeshapokelewa, haibadiliki. Lakini Mwalimu alitusomea taratibu kwenye kikao cha wazazi: mshiriki anaweza kutaja masahihisho mwanzoni mwa utetezi, na waamuzi ndio watakaopima. Wanaweza kukupa heshima. Wanaweza pia kukupunguzia, wakasema chanzo chako kilikuwa na kasoro na hukukihakiki. Sentensi ile nzuri ya upepo itaanguka. Na wewe na wenzako watatu wa timu alama zenu zinajumlishwa, kwa hiyo si wewe peke yako utakayeshuka. Nimeyawaza haya yote. Mimi ni mtu wa kuwaza kitakachoharibika, unanijua.

Mwalimu hajui. Nilitaka kumwambia yeye kwanza ili akuambie kwa busara zake za ualimu. Halafu nikaona nakwenda tena kumweka mtu katikati yetu. Utamwambia wewe ukitaka, na wenzako pia, kabla hamjafika au mkishafika.

Nilitaka vilevile kuiweka barua hii ndani ya begi, katikati ya nguo, uikute ukiwa angani ambako huwezi kunirudia na swali. Nilikuwa nimeshaitengea mahali pake. Nimebadili. Ukirudi kutoka Bungu nitakupa mkononi, nitakaa hapahapa nawe ukisoma, na kama utaniuliza kitu nitakijibu. Ukinyamaza nitakaa pia. Ukikasirika, kasirika; usinisamehe haraka kwa sababu kuna safari. Una siku nzima ya ndege ya kunikasirikia na zaidi, na mimi sina pa kwenda.

Sikuambii useme au usiseme. Nimewaamulia watu wawili kile wanachoweza kubeba, mzee mmoja na bibi mmoja, na wote wawili walikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Sitaki uwe wa tatu. Ukirudi na medali, ukirudi bila kitu, utamkuta mama yuleyule, ambaye bado anaogopa, lakini ambaye walau hajabakiza kitu alichokuficha.

Kitu kimoja tu nakuomba, endapo utasimama ukaanza na masahihisho. Watakuuliza ilikuwaje mara ya kwanza maneno yale yakaachwa. Wewe ni mtoto mwema, utataka kunitafutia neno laini, utasema palikuwa na ugumu wa lugha. Usiseme hivyo. Hapakuwa na ugumu wowote, Kindengereko nakijua kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani. Sema mama yangu ndiye aliyetafsiri, anaitwa Zainabu, na aliogopa. Na wakikuuliza tafsiri ya pili imefanywa na nani, wape jina hilohilo.

Mama yako,
Zainabu